Runinga Katika Ukuta wa Mama

Kila nitajapo kwamba kwetu ni Kiganjo, wenzangu chuoni huniuliza iwapo baba yangu ni askari. Sababu yake yaeleweka. Kiganjo inayojulikana na Wakenya wengi ni ile ya Nyeri, wanakofunzwa makurutu wa polisi. Kiganjo yetu sisi ni ya Thika. Haina gwaride wala baragumu. Ina vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, ina ploti za hamsini kwa mia, bodaboda zisizolala, na nyumba za mawe ambazo aghalabu hujengwa jinsi mtoto anavyokua: polepole, na kwa mapengo. Nyumba yetu ni mojawapo ya hizo, na kisa ninachotaka kumsimulia msomaji wa jarida letu kilitukia sebuleni mwake mnamo Desemba 2022, siku chache kabla ya fainali ya Kombe la Dunia. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, au ndivyo nilivyodhani: kuitundika runinga ukutani.

Runinga tuliyokuwa nayo awali ilikuwa ya mgongo, ya inchi 21, nzito kama jiwe la kusagia. Mama aliinunua kwa jirani aliyekuwa akihama, na tangu siku hiyo ikawa mmoja wetu. Ilikuwa imeponea mengi. Iliponea stima zilizopotea ghafla na kurudi kwa kishindo, ikaponea mvua iliyopenya batini, na hata Februari 2015, mitambo ya analogia ya vituo vikubwa ilipozimwa tukakaa majuma karibu matatu bila ya nyuso tulizozizoea, haikutupwa. Mama alidunduliza pesa akanunua king'amuzi, akakiunganisha kwa nyaya tatu, wa manjano, mwekundu na mweupe, na taarifa ya habari ya saa moja usiku ikarudi nyumbani.

Nimeitaja saa moja makusudi. Wasomaji wa ukurasa huu waijua ratiba ya vituo vyetu: habari kwa Kiswahili saa moja, habari kwa Kiingereza saa tatu. Kwa Mama ile ya saa tatu haipo duniani. "Hayo ni marudio," husema, na kuzima. Mimi niliyesomeshwa nadharia za tafsiri mihula miwili ningeweza kumpinga kwa hoja nzuri, ila nakumbuka kwamba Kiswahili changu mwenyewe kilianzia pale, juu ya mkeka mbele ya runinga ile, nikimwiga mtangazaji huku nimeshika mwiko kama kinasa sauti. Mhadhiri mmoja aliwahi kutuuliza darasani ni nani aliyemfundisha kila mmoja wetu kusema "hayo yakijiri" na "kwingineko". Darasa zima lilicheka, kwa sababu jibu la wote lilikuwa moja.

Sasa nije kwenye ajali. Dada yangu mkubwa anafanya kazi Muscat, Omani, na mwanawe, mpwa wangu, analelewa na Mama. Agosti 2022 mtoto huyo alikuwa na miaka minne. Msomaji atakumbuka siku zile: kura zilikuwa zimepigwa tarehe 9, na taifa zima lilikuwa limekodolea macho ukumbi wa Bomas likingojea matokeo. Runinga haikuzimwa mchana wala usiku, na kilichooneshwa kilikuwa ni tarakimu, karatasi na watu wazima wenye suti. Mpwa wangu alitaka katuni. Aliomba mara ya kwanza, akaomba tena. Mimi ndimi niliyeachiwa mtoto, Mama akiwa sokoni Madaraka kwenye biashara yake ya mboga; nami nilikuwa nimelala kochini na visikizi masikioni, sisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Basi mtoto akajitafutia njia. Aliivuta nje droo ya chini ya meza ya runinga, akaivuta na ya pili, akazipanda kama ngazi ili akifikie king'amuzi kilichokaa juu.

Mtu asiyeijua runinga ya mgongo hudhani kuwa uzito wake uko nyuma, katika mgongo huo. La hasha. Uzito uko mbele, katika kile kioo kinene, na ndiyo sababu meza ikiinama kidogo tu runinga huja yenyewe. Nilichokiona nilipofumbua macho ni meza ikiinuka miguu ya nyuma, kisha mshindo. Mtoto alikuwa ametupwa upande wa kochi. Runinga ilikuwa chini kifudifudi, shubiri moja kutoka kwenye mguu wake. Kona ya droo ilikuwa imemchana muundi, damu inamtoka, lakini hakulia. Alikuwa akinitazama mimi, aone kama nitamgombeza.

Mama aliporudi hakunigombeza pia, na hilo lilinichoma zaidi. Aliuosha mguu, akaufunga kitambaa, akaketi. "Mamake asiambiwe," alisema hatimaye. "Mtu aliye mbali haambiwi jambo la kumnyima usingizi, na hana nauli ya kuja kuliona." Dada alipouliza wiki iliyofuata mbona nyumba iko kimya, tulimwambia kuwa runinga imezeeka, imekufa. Sehemu hiyo ilikuwa kweli.

Mwishoni mwa Novemba akatuma pesa za runinga mpya. Niliinunua Thika mjini, ya inchi 43, bapa kama trei, kilo nane hivi pamoja na miguu yake miwili iliyofanana na ya mbuni. Mama aliitazama ile miguu, akamtazama mjukuu wake, akauliza, "Na hii nayo itasimama wapi?"

"Haitasimama," nikajibu. "Itatundikwa ukutani. Hata akipanda meza, hataiangusha."

"Ukuta wangu hautobolewi."

Alilisema hilo kwa sauti ambayo mimi naijua tangu utotoni, ile isiyohitaji kupandishwa. Nikanyamaza. Nilijua, au nilidhani najua, anachomaanisha.

Hapana budi niueleze ukuta wenyewe. Mawe yake yalitoka Ndarugu, upande wa Juja, kwenye machimbo ambako jiwe hukatwa kwa mashine katika vipimo viwili vinavyojulikana na kila mjenzi wa kwetu: tisa kwa tisa na sita kwa tisa. Nusu ya nyumba za Thika na Ruiru zimetoka katika mashimo hayo. Mama alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kimoja cha nguo hapa Thika, enzi zile mji ulipokuwa bado ukisifiwa kwa viwanda vyake, na kiwanda kilipopunguza wafanyakazi alibaki na ploti, watoto wawili na zamu yake katika chama cha akina mama. Zamu ilipofika alinunua lori la mawe. Zamu nyingine, saruji. Msingi ulichimbwa 2003, bati likapanda 2006, tukahamia ndani kukiwa hakuna madirisha ila magunia. Stima zilikuja 2010, plasta ikafuata 2011. Mimi nimekulia katika nyumba ambayo kila mwaka ilikuwa na harufu mpya: mwaka wa saruji, mwaka wa mbao, mwaka wa rangi. Kwa hiyo aliposema ukuta wake hautobolewi, nilidhani ni mapenzi tu, mapenzi ya mtu aliyevibeba vitu hivyo kimoja kimoja. Nikaona ni mapenzi yanayoweza kusubiri, kwa kuwa usalama wa mtoto haungeweza.

Jumatano asubuhi alipokwenda sokoni, niliazima kekee ya umeme kwa jirani.

Hapa naomba radhi kwa kujisifu kidogo, maana majivuno yangu ndiyo chanzo cha yaliyofuata. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kutetea tasnifu. Maneno nilikuwa nayo yote: kekee, pimamaji, timazi, parafujo. Nilikuwa nimetazama video tatu katika intaneti, na zote zilikubaliana juu ya kanuni moja muhimu: nyaya za umeme zilizofukiwa ukutani hupanda wima ama hushuka wima kutoka kwenye soketi, kwa hiyo usitoboe juu wala chini ya soketi, na utakuwa salama. Soketi yetu iko upande wa kulia wa ukuta, karibu na sakafu. Mimi ningetoboa katikati na kuelekea kushoto. Nikapima, nikatia alama nne za penseli, nikavaa miwani ya jua kuyakinga macho. Mpwa wangu nilimkalisha mlangoni, akaambiwa asisogee. Akawa mtazamaji wangu wa pekee na mwenye heshima kubwa.

Tundu la kwanza liliingia kirahisi mno. Ncha ilizama kana kwamba inatoboa ugali. Vumbi la kijivu likamwagika, likaendelea kumwagika, na nilipoipachika ile plagi ya plastiki inayoshika skrubu, ilizunguka ndani ya tundu bila ya kushika chochote. Niliitoa kwa vidole. Nilijiambia ni bahati mbaya, nikahamia alama ya pili, iliyokuwa juu kushoto. Kekee ikaanza kunguruma, plasta ikaanza kumeguka.

"Zima."

Sikumsikia akiingia. Mama alikuwa amesahau pochi yake ya chenji. Hakuuliza ninafanya nini, kwani ilionekana. Alipita nyuma yangu, akafungua kisanduku kilicho juu ya mlango, akazima swichi kuu ya nyumba nzima. Kekee ikafa mkononi mwangu. Kisha akaja, akaushika mkono wangu wa kulia kwa kifundo jinsi mtu amshikavyo mtoto anayefunzwa kuandika, akauweka kiganja juu ya ukuta, karibu na kisanduku kile, na kuanza kuuburuta. Haukushuka wima. Ulishuka mshazari, kutoka pembe ya juu ya mlango, ukakata ukuta mzima hadi kwenye soketi iliyo chini kulia, mstari mmoja kama uliochorwa kwa rula. Alipopita kwenye alama yangu ya pili alisimama. Kati ya ncha ya kekee na mstari ule palikuwa na upana wa vidole vinne.

"Bomba la waya limepita hapa," alisema.

Nilimwambia kuhusu kanuni ya wima. Naona haya kuandika hivi, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa nimesimama katika vumbi langu mwenyewe, nikimweleza mama yangu kanuni.

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa," alikubali. "Upande juu, utembee na dari, kisha ushuke. Fundi wa stima aliniambia. Akanihesabia bomba na waya, nikaona sitafika. Nikamuuliza njia ya mkato ni ipi. Akaniambia ipo, ila si nzuri, na mtu asije akagonga msumari. Nikamwambia hakuna atakayegonga msumari katika nyumba yangu."

Akaketi. Mwaka huo wa 2010, alieleza, dada yangu alikuwa kidato cha pili, na alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Zile futi za bomba na waya, na siku moja ya kazi ya fundi, ndizo zilizomrudisha shuleni. Hazikuwa pesa nyingi. Lakini aliyajua mambo mawili ambayo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba ukuta wake wa sebuleni una kosa ndani yake, na kwamba alilifanya akijua. Plasta ilipokuja mwaka uliofuata ilifunika yote, rangi ikafunika plasta, na kwa miaka kumi na miwili hapakuwa na picha, kalenda wala saa iliyotundikwa pale. Wageni walidhani ni usafi. Sisi watoto tulidhani ni mapenzi.

Ndipo nilipoitambua ile sauti yake isiyopandishwa. Haikuwa sauti ya mtu anayejivunia ukuta. Ilikuwa ni ya mtu anayeuonea haya.

Siku ya pili, kwa amri yake mwenyewe, fundi aliitwa. Nilitarajia atamuomba runinga iwekwe juu ya meza nzito zaidi, lakini alisema mtoto amekwisha kuangukiwa mara moja na inatosha, na kwa kuwa siri imekwisha kutoka, kazi ifanywe vyema. Fundi mwenyewe ni kijana wa Kiganjo, rika langu. Tulisoma shule moja ya msingi, yeye akaenda chuo cha ufundi. Alilitazama tundu langu la kwanza, akatia kidole, akatabasamu kwa adabu.

"Umepiga kwenye jointi, ndugu. Hapa ni saruji na mchanga kati ya jiwe na jiwe. Haishiki kitu."

Yeye hakuanza kwa kekee. Alianza kwa kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akisikiliza, na kabla hajafika mbali Mama akamkatiza. "Usijisumbue kugonga. Kutoka kingo ya dirisha hadi linta ni kozi tano. Hesabu kutoka pale." Fundi akapima. Dirisha lina futi nne. Kozi tano za jiwe la inchi tisa, pamoja na saruji iliyo kati yake, zinatimia futi nne kamili. Akachora mistari ya penseli ukutani, mlalo juu ya mlalo, na katika muda wa robo saa ukuta wetu laini wa rangi ya maziwa ukageuka kuwa vile ulivyokuwa mimi nikiwa mtoto, mawe tu, safu juu ya safu. Juu ya mistari hiyo Mama akachora mmoja kwa mkono wake, ule wa mshazari. Fundi akarudi hatua mbili nyuma. "Mama ndiye mwenye ramani," akaniambia. "Mimi na wewe tunapiga ramli."

Sehemu iliyokuwa salama ilikuwa juu kulia, upande wa dirisha. Hiyo ina maana kwamba runinga isingekaa katikati ya ukuta. Nililalamika, sikusikizwa.

Kuhusu kimo, palizuka mjadala ambao ungefaa kuandikiwa makala yake. Mimi nilitaka juu, karibu na dari, jinsi zilivyo katika hoteli na vinyozi vya Thika, kusudi mikono ya mtoto isifike. Fundi alimwomba Mama aketi katika kiti chake cha kila siku na atazame mbele bila ya kuinua shingo, kisha akatia alama mahali macho yalipoangukia. Ilikuwa chini sana, mita moja na kidogo kutoka sakafuni. Mama ana shingo inayomuuma tangu siku za kiwanda, na saa nzima ya kutazama juu ingemmaliza. Mtoto naye, kwa kimo cha Mama, angeigusa runinga kwa mkono bila hata ya kupanda kitu. Nilisimama kati ya shingo na mkono. Suluhisho lilikuwa ni la fundi: breketi inayoinama. Aliipandisha runinga futi moja juu ya alama ya macho, kisha akaiinamisha uso kidogo, ikawa inamtazama Mama jinsi jirani anavyochungulia juu ya ua.

Nilisimama karibu naye alipotoboa, kwa kuwa nilitaka kuona nilichokosa. Ncha ilipoingia, vumbi la kwanza lilikuwa la kijivu, la plasta, kwa kina cha nusu inchi hivi. Kisha sauti ikabadilika, ikawa nzito, na vumbi likageuka rangi. "Sasa umefika kwenye jiwe," alisema, akaendelea mpaka utepe aliofunga kwenye ncha ukagusa ukuta. Plagi iliingia kwa kugongwa nyundo, haikuzunguka. Alipoomba kifaa cha kupimia usawa alikiita spiriti, nami nikampa nikisema kimoyomoyo "pimamaji". Mama, bila ya kuinuka, akasema, "Upime maji kwanza kabla hujakaza." Nilimgeukia. Neno nililolikariri katika kamusi kama kipande kimoja, yeye alikuwa nalo likiwa bado kitenzi na nomino yake, kama walivyokuwa wakilisema waashi waliomjengea. Sitaki kulifanya jambo hilo kubwa kuliko lilivyo. Lakini tumetumia vipindi vingi kujadili iwapo tuseme runinga, luninga ama televisheni, na sikumbuki kipindi hata kimoja tulichotumwa kwenda kukaa na mwashi kwa siku moja.

Fundi alipomaliza aliishika breketi kwa mikono miwili, akaivuta kwa uzito wake wote huku miguu ikikaribia kuachana na sakafu. Haikutikisika. Ndipo runinga ikapanda. Tundu langu aliliziba kwa saruji, na kovu lake liko pale hadi leo, kwa kuwa rangi ya 2011 haipatikani tena.

Fainali ilichezwa Jumapili, tarehe 18. Wajomba walikuja, majirani wakaja, na jirani aliyeniazima kekee akapewa kiti cha mbele. Mchezo ulianza saa kumi na mbili jioni, hivyo mapumziko yakakaribiana na saa moja kamili, na Mama, ambaye hakuwa ameuliza ni nani anacheza na nani, alinyoosha mkono akataka rimoti. Nyumba nzima ilinung'unika, lakini hakuna aliyethubutu kumnyima. Alipata vichwa vya habari na dakika moja ya habari ya kwanza. Kisha akairudisha rimoti, akaenda kupakua chakula, naye hakujua kwamba Ufaransa ilisawazisha mara mbili wala kwamba Argentina ilishinda kwa penalti, mpaka kelele zilipomleta kutoka jikoni na sufuria mkononi.

Wageni walipoondoka dada alipiga simu ya video. Muscat ilikuwa imekaribia saa tano usiku. Nilimwonesha runinga nikiizungusha simu polepole kwa fahari.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini mbona imeenda upande? Ukuta wote huo, mmeisukuma dirishani!"

Nilimtazama Mama. Alikuwa akikunja leso, na aliikunja mara moja zaidi ya ilivyohitajika. "Fundi aliona hapo ndipo pazuri," alisema. "Mwanga haupigi kioo." Sikusema neno. Dada yangu hasomi majarida ya aina hii, na Mama ameniruhusu kuandika kwa kuutegemea ukweli huo.

Siri ya pili haikuwa na bahati hiyo. Mpwa wangu, ambaye kelele za penalti zilikuwa zimemnyima usingizi, aliingiza uso wake katika simu. "Hii haianguki," alimwambia mamake. "Ile ingine iliniangukia na sikulia."

Palikuwa na kimya cha aina ambayo simu haiwezi kuificha, hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikasema yote: Agosti, Bomas, katuni, droo, visikizi masikioni. Nilisema kwamba ni mimi niliyeachiwa mtoto. Mama akaanza kusema kuwa uamuzi wa kunyamaza ulikuwa wake, lakini dada hakumjibu yeye wala mimi.

"Nionyeshe mguu," alisema.

Niliishusha simu hadi kwenye muundi wa mtoto. Kovu lilikuwa jembamba, la urefu wa kidole, limeshaanza kufifia. Aliniambia nisogeze karibu na taa. Nikasogeza. Aliniambia niguse, nione kama anauma. Nikagusa, mtoto akacheka kwa kutekenywa, na dada aliendelea kuutazama mguu ule muda mrefu, bila ya kusema kitu, mpaka mkono wangu ulioshika simu ukaanza kutetemeka.

Tangu usiku huo hupiga simu kila Jumapili, na kwanza huuliza mtoto yuko chumba gani na nani yuko naye.

Kabla sijarudi chuoni Januari, Mama alinipa karatasi iliyochanwa katika daftari lake la chama. Alitaka nimchoree ukuta: mlango, dirisha, soketi, kozi zote kwa idadi yake, na mstari wa mshazari na vipimo vyake kutoka kila pembe, ili karatasi hiyo iwekwe ndani ya bati la biskuti pamoja na hati ya ploti. Nilipima kwa futi kamba, nikachora kwa rula, nikaandika tarakimu kwa wino. Aliivaa miwani yake, akaishika karatasi mbali kidogo, akaikagua.

"Hapa si sawa," alisema, akiweka ukucha karibu na soketi. "Pale chini bomba lilipinda kidogo. Kulikuwa na jiwe gumu, likamshinda."

Nikaomba karatasi nyingine, nikachora upya.